Mbaazi za zamu: kwa nini tulifunga duka la chakula Kuze na wateja wangali mlangoni

Wakuu, assalaam aleikum, na wasio wa salamu hiyo, hamjambo nyote.

Jambo hili naulizwa msikitini, naulizwa sokoni, nimeulizwa hata matangani nikiwa na sahani mkononi. Kwa nini mimi na Salim tulifunga duka letu la chakula, na watu walikuwa wakitungoja mlangoni kabla hatujawasha moto?

Kila mtu ana jibu lake. Mmoja asema tulirogwa. Mwengine asema tuligombania mwanamke.

Nimechoka. Leo naeleza lilivyokuwa, na wallahi siongezi wala sipunguzi. Mwenye haraka zake na apite, maana ni refu kidogo.

Mimi ni Bakari. Wakati huo nilikuwa nasimamia ghala la Banyani mmoja karibu na forodha, kazi ya kuhesabu magunia na kutukanwa. Nina mke mmoja, Amina, na wakati huo tulikuwa na mtoto mchanga aliyekuwa akiota meno.

Salim ni rafiki yangu tangu chuoni, tulipokuwa tukisomeshwa Kurani na kupigwa fimbo moja na mwalimu mmoja. Ni mtu mzuri. Ana maneno matamu, hana choyo, na hajapata kuanza jambo akalifikiria kwanza.

Salim ana wake wawili. Hapo ndipo penye kisa chote, kwa hivyo tafadhali mnitegee sikio.

Mkubwa ni Bi Zuhura, wa hapa hapa mtaa wa Kuze, binti wa nyumba ya watu. Babake alikwisha kufariki, mwenye kumsimamia ni mjombake, Mzee Mbarak. Mdogo ni Mwanakombo, mjane aliyetoka Jomvu, Salim akamuoa na kumweka mtaa wa Kibokoni. Nyumba mbili, na mwendo baina yake ni mfupi, hata hujatokwa jasho umefika.

Zamu zilikuwa wazi. Usiku mmoja Kuze, usiku mmoja Kibokoni. Salim alijisifu sana kwa uadilifu wake.

Mzee Mbarak hakuipenda ndoa ile ya pili. Hakuitaja hata kwa jina. Akisema habari za Mwanakombo alisema "kule".

Basi miaka ile reli ilikuwa imeshaanza kuvuta watu. Mji umejaa wageni. Mahamali wa mizigo, makarani, askari, mafundi kutoka Bara Hindi, wote wamewaacha wake zao makwao, na kila asubuhi wana njaa.

Salim akanijia barazani baada ya alasiri. Akaniambia, "Yakhe, watu hawa hawana wa kuwapikia. Sisi tunao."

Ndivyo ilivyoanza. Kabla ya adhana ya magharibi tulikuwa tumeshagawana kazi. Mbaazi za nazi zitoke kwa Salim. Unga wa mahamri ukandwe kwangu, mimi niyakaange pale pale watu wakiona. Kahawa tutapika sote.

Tukakodi daka la nyumba moja kwenye njia ya kuteremkia forodhani, ule ukumbi wa mlangoni wenye viti vya mawe pande mbili. Nikaaga ghalani. Banyani akaniangalia kama mtu aliyeshikwa na homa.

Wakuu, biashara ilishika tangu siku ya kwanza. Sisemi uongo. Watu walikula wamesimama.

Balaa lilianza kwa jambo dogo. Mbaazi zilitoka nyumba aliyolala Salim.

Akilala Kuze, asubuhi huchukua chungu cha Bi Zuhura. Akilala Kibokoni, huchukua cha Mwanakombo. Hakuna aliyelipanga. Lilikuja lenyewe, kwa kuwa chungu huwa jikoni na Salim huwa mlangoni.

Na wake wale walikuwa hawapiki sawa.

Mbaazi za Bi Zuhura zilikuwa nyeupe, zimeiva polepole, tui zito, hazina pilipili hata chembe. Za Mwanakombo zilikuwa na kitunguu cha kukaanga na pilipili ya kukutoa machozi. Zote tamu, lakini aliyezoea hizi hazitaki zile.

Mahamali walitaka kali. Wazee na makarani walitaka nyeupe. Haukupita muda kila anayeingia akawa anauliza kabla hata ya salamu, "Leo zamu ya nani?"

Fikirini, wakuu. Njia nzima inauliza rafiki yangu alilala kwa mke gani. Na anayejibu ni mimi, mbele ya karai la mafuta.

Nikamwambia Salim, "Bwana, hili si jambo la heshima. Waambie wake zako wapike namna moja."

Akacheka. "Nimwambie Zuhura apike kama Mwanakombo? Wewe wataka niuawe?"

Basi. Nikarudi kwenye karai langu.

Niongeze na udhuru wake, kwa sababu hilo nalo lilinimaliza. Siku za Kibokoni alifika mapema. Siku za Kuze alifika nimeshaanza kutukanwa na wenye njaa. Leo mtoto wa jirani ana homa. Kesho shangazi amekuja. Keshokutwa Bi Zuhura mwenyewe hajisikii vizuri. Nilikuwa namuuliza, "Ana nini?" Hujibu, "Uchovu tu wa wanawake," halafu hutua chungu na kuanza kuzungumza na watu kana kwamba yeye ndiye mgeni.

Mteja wetu mkubwa siku za Kuze alikuwa Mzee Mbarak mwenyewe. Alikuja na bakora yake, akakaa kwenye kiti cha jiwe cha upande wa kulia, akala taratibu. Akimaliza hupangusa ndevu na kusema kwa sauti, ili mahamali wasikie, "Hizi ndizo mbaazi za nyumba ya watu."

Siku za Kibokoni hakupita hata njia ile.

Sasa sikilizeni.

Asubuhi moja ilikuwa siku ya Kuze. Mzee Mbarak amekaa mahali pake. Salim akaja na chungu, nikapakua, nikampa mzee bakuli lake na mahamri mawili ya moto.

Akala tonge la kwanza. Akaacha kutafuna.

Akalitua bakuli polepole juu ya jiwe, akamtazama Salim. "Mwanangu, jana ilikuwa zamu ya nani?"

Salim akasema, "Ya Zuhura, mjomba."

"Na hizi ni za wapi?"

Nikachovya kidole nikaonja. Pilipili ilinishika ulimi papo hapo. Hamali mmoja aliyekuwa nyuma akaonja zake akafurahi, akawaambia wenziwe, "Leo ni za Kibokoni." Laiti angalitiwa hamri zima kinywani.

Mzee Mbarak akasimama. Hakupandisha sauti. Akasema, "Mtoto wa dada yangu hadhulumiwi usiku wake," akatoka.

Mji mzima ukajua kabla ya adhuhuri. Salim ameiba zamu. Amelala kwa mke mdogo usiku wa mke mkubwa, na mbaazi zimemfichua.

Salim aliapa. Aliapa kwa kila kitu mtu anachoweza kuapia. "Bakari, nililala Kuze. Chungu nimekitoa kwenye meko ya Zuhura kwa mikono yangu hii miwili."

Nikamuuliza, "Hukuonja?"

"Mimi huwa sionji. Mimi hubeba."

Wakuu, niseme kweli, sikumwamini. Mngemwamini nyinyi? Chungu cha Kuze, mbaazi za Kibokoni, na mtu aliye baina yao ni mmoja.

Kibaya zaidi, aliniomba niseme kwamba pilipili nilitia mimi. Nikamwambia, "Kama wasema kweli, uongo wa nini?"

Akasema, "Kweli haiingii akilini. Uongo utaingia."

Nikakasirika nikaenda zangu.

Siku ya pili yake tukaitwa nyumbani kwa Bi Zuhura baada ya alasiri. Mzee Mbarak amekaa ukumbini. Salim ukingoni mwa mkeka kama mwanafunzi aliyesahau sura. Mimi nimeitwa kuwa shahidi. Bi Zuhura yuko ndani, nyuma ya pazia.

Mzee akaanza na mimi. "Bakari mwanangu, wewe ni mshirika wake. Asubuhi ile alitoka nyumba gani?"

"Alikuja na chungu, mzee. Sikumuuliza alikotoka."

"Na mbaazi zilikuwaje?"

Nilimtazama Salim. Yeye alikuwa anatazama mkeka.

"Zilikuwa kali, mzee."

Mzee akatikisa kichwa. Akasema amesikia ya kutosha. Zuhura atafunga nguo zake, atakwenda naye nyumbani kwake, na kesho watakwenda kwa kadhi. Mtu asiyeweza kuwafanyia uadilifu wawili na abaki na mmoja.

Salim akabaki kuvuta nyuzi za mkeka. Miaka yote namjua, sikupata kumuona amekosa maneno. Hapo ndipo moyo wangu ulipoanza kumuonea huruma, nikitaka nisitake.

Ndipo sauti ikatoka nyuma ya pazia.

"Mjomba, usiku ule alikuwa hapa."

Mzee akageuka. "Usimfiche, mwanangu."

"Simfichi. Alilala hapa, akaamkia hapa. Mbaazi ndizo hazikuwa zangu."

Mzee akangoja. Bi Zuhura akakohoa kidogo, akaendelea, na kila neno lilimtoka kwa shida.

"Mimi mjamzito, mjomba. Harufu ya kitunguu na ya mbaazi zikichemka siiwezi, nalala chini. Mwaka jana niliwaambia watu wote mapema, na mwajua yaliyonipata. Safari hii nikasema sitasema mpaka nijione nimefika."

Nikamwona Salim ananyanyua kichwa. Uso wake siwezi kuueleza. Mtu ameambiwa habari ya mtoto wake mwenyewe mbele ya mashahidi, katika kesi ya mbaazi.

Mzee akauliza kwa upole, "Nani aliyejua?"

"Yule wa Kibokoni."

"Ulimwambia yeye?"

"Sikumwambia. Tulikutana arusini, chakula kikapakuliwa, nikageuza uso. Akaniona. Hakusema neno. Kesho yake baada ya magharibi akaja kwa mlango wa nyuma na chungu chini ya shuka. Akaniambia, dada, hizi ni kama zako, zipashe moto tu asubuhi. Tangu siku hiyo siku zangu apika yeye. Juzi alikuwa na homa, akapika huku macho yamefumba, akatia pilipili kwa mazoea."

Mzee Mbarak akawa anaizungusha bakora yake mkononi.

"Tangu lini?"

"Tangu mwezi wa Maulidi."

"Na zile nilizokuwa nikizila pale dukani? Zile nyeupe?"

"Zake, mjomba."

Mzee akaomba maji. Akaletewa, akanywa yote, akarudisha kikombe. Akasema, "Mwenyezi Mungu akufungue salama," akavaa viatu vyake, akaondoka bila ya kututazama sisi wanaume wawili.

Hapo mtadhani mambo yametengenea. Mimi nami nilidhani hivyo.

Salim alikwenda Kibokoni kumshukuru Mwanakombo, akanichukua nami, sijui kwa nini. Tulimkuta amekaa kizingitini kwa ndani anachambua mchele, homa bado imo machoni. Salim akatoa maneno yake yote matamu. Akamalizia kwa kumwambia kwamba sasa jambo liko wazi, hakuna haja ya kujificha, ataweza kupika za siku zote kwa raha yake.

Mwanakombo akaendelea kuchambua.

"Nilimpikia mwenzangu kwa hali yake," akasema. "Sikuwapikia nyinyi."

Salim akasema, "Lakini biashara..."

"Biashara ni yenu. Mimi nilikuwa mekoni siku zote, siku zangu na siku zake, na hakuna aliyeniuliza wewe walala saa ngapi. Nitapika siku zangu. Siku zake pikeni nyinyi."

Akanigeukia mimi kwa adabu. "Shemeji, niwie radhi. Lakini si nawe una mikono?"

Nilirudi nyumbani nimejaa hasira. Nikamkuta Amina anakanda unga wa mahamri, mtoto mgongoni amefungwa kwa kanga, analia kwa meno yake. Nikakaa nikamwaga yote. Salim hivi, Salim vile. Mtu gani asiyejua mkewe ni mjamzito? Mtu gani alaye na wake wawili asijue chungu ni cha nani? Nilisema mpaka koo likakauka.

Amina akanisikiliza. Akaacha kukanda.

"Zuhura hawezi harufu ya kitunguu," akasema. "Hilo wewe walijua. Na mimi wanijua siwezi nini?"

Nikafikiri. Wakuu, nilifikiri kwa bidii. Sikupata.

Akajaribu kuinua mkono wa kulia kufikia rafu ya vikombe. Haukufika. Ulisimama usawa wa bega, akaushika kwa mkono wa pili akaushusha kama mtu anayeshusha mzigo wa mwengine.

"Ni huu unga," akasema. "Nimekuwa nakandia mkono wa kushoto. Hukuona mahamri yamekuwa madogo?"

Niliyaona. Nilidhani anabana unga ili tupate faida. Nilikuwa hata nimemsifu moyoni.

Nikamfungua mtoto mgongoni mwake, nikamwambia Amina akalale. Usiku huo nikakanda mwenyewe.

Asubuhi ilikuwa siku ya Kuze, na Salim alikuwa amepika mbaazi kwa mikono yake. Nyingine zilikuwa mbichi, nyingine zimeshika chini. Mahamri yangu hayakuumuka, yakazama kwenye mafuta na kubaki huko. Hamali mmoja aliligonga lake kwenye kiti cha jiwe, likatoa mlio. Watu hawakutukana. Walicheka, wakaondoka wawili wawili, na sisi tukabaki na karai letu.

Tulijaribu tena, na tena. Siku za Kibokoni watu walijaa, siku za Kuze walitupita kama maiti. Mwanakombo hakubadilisha neno lake. Amina mkono ulikuwa haujapona, na hata ungepona mimi nilikuwa sina uso wa kumuomba. Unga nilikanda mimi, na kila siku ukanishinda kwa njia mpya.

Tukarudisha ufunguo wa daka. Ndiyo sababu. Hakuna mchawi, hakuna mwanamke aliyegombaniwa. Wapishi walikuwa watatu, wote wako majumbani, na wenye duka tulikuwa wawili wasiojua kuchemsha kunde.

Bi Zuhura alijifungua mtoto wa kike, salama. Aliyekaa naye na kumhudumia siku za uzazi ni Mwanakombo. Salim akaajiriwa forodhani. Mimi nikarudi kwa Banyani, akanipokea bila ya kusema kitu, na hilo liliniuma kuliko kama angalisema.

Amina mkono umepona. Afikia rafu.

Nilichojifunza ni hiki, na wenye kutaka kufungua mgahawa na rafiki zao wakiweke akilini. Chakula cha biashara hakitoki dukani. Kinatoka nyumbani kwa mtu, kwenye mkono wa mtu, na mtu huyo ana mimba, ana homa, ana mtoto anayelia. Nyinyi mkikaa barazani mkagawana kazi, hesabuni kwanza kazi hizo ni za nani. Msipomhesabu, atajihesabu mwenyewe, na siku hiyo duka halina mlango.

Sasa ninalotaka ushauri.

Juzi Salim amenijia tena. Ana wazo. Ati tufungue duka la halua, kwa sababu halua haina kitunguu na haihitaji kukandwa. Amekwisha kupata mahali karibu na soko. Ana macho yale yale ya kung'aa.

Nilimwambia nitamjibu Ijumaa. Nikamwelezea Amina tukiwa tunakula. Alicheka mpaka akaweka tonge chini, kisha akaniuliza swali moja: halua hukorogwa tangu asubuhi hata alasiri bila ya kuacha mwiko, sasa mwiko atashika nani?

Kesho ni Ijumaa na sina jibu. Wenye uzoefu wa halua, wenye marafiki kama wangu, na kina mama mnaosoma haya mkiwa mna vyungu motoni, semeni lolote mlilonalo. Isipokuwa mtu asiniambie nikashike mwiko mwenyewe. Hilo Amina amekwisha kulisema.